Ng'ombe Kwenye Banda la Kuku

Mama mwenye nyumba aliingia chumbani kwetu saa mbili usiku bila hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tuhamie kwake, akasimama katikati ya chumba na kunusa hewa kama mtu anayetafuta gesi iliyovuja. Mke wangu alikuwa anakanda unga, mikono myeupe hadi kwenye viwiko. Mimi nilikuwa nimepiga magoti pembeni ya meza, bisibisi mdomoni.

"Liko wapi?" akauliza.

Nikatoa bisibisi. "Shikamoo mama. Liko wapi nini?"

"Marahaba. Jiko. Jiko la umeme mnalolificha humu."

Kwenye jiko hilo nitarudi.

Tunaishi Pugu, upande wa Kajiungeni. Pugu ina sifa zake: shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere mpaka mwaka 1955, alipoacha chaki akashika siasa, mnada wa ng'ombe, udongo mweupe wa kaolini na mapango yake yenye popo, na tangu 2024, treni ya umeme inayosimama hapa ikitoka mjini kwenda Morogoro. Sifa ya kompyuta haimo. Mtu wa Pugu akitaka kompyuta anapanda daladala kwenda Kariakoo, na ndivyo nilivyofanya mwezi wa pili, katika lile joto la kaskazi ambalo hata mbwa anabweka akiwa amelala.

Kazi yangu ni kuhariri video: harusi, sendofu, kicheni pati, kipaimara, na mara mojamoja msiba wa mtu mwenye uwezo. Kamera tatu, saa sita za picha, na bwana harusi anayetaka kuiona kazi yake kabla hajamaliza deni la ukumbi. Sehemu nzito ni ile ya mwisho, kompyuta inapochukua vipande vyote, na rangi, na muziki, na majina ya kamati, ikavichanganya kuwa faili moja. Wenzangu wanaita kurenda. Mke wangu, ambaye ameishi na kelele za kurenda kwa miaka sita, anaita kupika. Neno hilo lilikuja kutuponza.

Kompyuta yangu ya zamani ilipika harusi moja usiku kucha, na asubuhi mara nyingine ulikuta imelala katikati ya keki. Nilihitaji yenye nguvu. Tatizo lilikuwa meza. Chumba chetu kina meza moja, na robo tatu yake ni ya mke wangu anayeuza maandazi asubuhi pale kituoni: beseni la unga, ubao, kifimbo cha kusukumia, kopo la hamira, kopo la iliki. Mkataba wetu ulipimwa kwa futi ya seremala. Mimi nina sentimita 40 kuanzia ukutani, skrini ikiwemo, na anayevuka mpaka anapakwa unga.

Kwa hiyo muuzaji wa Kariakoo aliponionyesha kasha la lita tano, moyo ulinidunda. Ndiyo, lita. Wapenzi wa makasha madogo wanayapima kwa lita, na kwangu kipimo hicho hakikuhitaji maelezo: ni dumu la mafuta ya kula, lile la njano linalokaa chini ya kabati. Ndani yake inaingia madabodi ya sentimita 17 kwa 17, umbo ambalo kampuni ya VIA ya Taiwan ililileta mwaka 2001 na ambalo wengine wote wakaliiga. Humo nikataka niweke prosesa ya i9 ya kizazi cha tisa, mtumba wa Dubai, toleo la mwaka 2018, viini vinane.

Muuzaji aliipima ile prosesa kwa macho, akalipima kasha. "Kaka," akasema, "huyu ni ng'ombe. Unataka kumwingiza kwenye banda la kuku?"

Nilicheka. Mtu anayetoka Pugu hafundishwi habari za ng'ombe.

Nyumbani nilianza kwa kumtangazia mke wangu kwamba nimenunua siipiyu mpya. Kwa Watanzania walio wengi siipiyu ni lile kasha zima linalokaa chini ya meza, kwa hiyo alichungulia nyuma yangu kuona boksi liko wapi. Nikatoa mfukoni kitu cha ukubwa wa biskuti, sentimita nne kasoro kila upande. Akakigeuza, akakisoma, akanirudishia kwa vidole viwili. "Laki nne na nusu," alisema, si kwa kuuliza. Ilibidi nimweleze kwamba siipiyu yenyewe hasa ni hii, na ile anayoiita siipiyu ni nyumba yake tu. Aliniambia nimweleze hivyo na mama yangu, ambaye siku chache kabla nilimwambia sina hela ya dawa ya mbuzi.

Nilifunga mashine mwenyewe, usiku, nikiangalia maelekezo kwenye simu. Juu ya prosesa unaweka hitsinki: kitako cha shaba, mirija miwili mitatu, mabati membamba ya alumini kama kurasa za daftari, na feni juu yake. Mirija ile ina ufundi wa kupendeza. Ndani yake kuna maji kidogo tu, yamefungiwa bila hewa. Upande wa moto yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unakuwa maji tena na kurudi. Vipoozeo vya watu wenye meza zao vina kimo cha sentimita 16. Kasha langu liliniachia sentimita nne na nusu, kwa hiyo nilinunua kifupi, feni yake nyembamba kama sahani ya chai.

Niliwasha. Ikawaka! Nikamwamsha mke wangu aone. Alipofumbua jicho moja ilikuwa imezima.

Niliwasha tena, safari hii nikafungua programu ya kupima joto. Kabla sijafungua hata video moja ilikuwa sentigredi 90, ikaenda 97, ikaenda 100, ikaanza kwenda mwendo wa konokono, kisha giza. Nilihangaika siku mbili. Nilikaza skrubu, nikalegeza, nikakaza kwa msalaba kama tairi la gari. Siku ya tatu nikaivua hitsinki nzima, na pale chini ya kitako cha shaba, safi, yenye kung'aa, ikiwa na maandishi mekundu ya kunitaka niitoe kabla ya kutumia, ilikuwepo karatasi ya nailoni.

Nataka nijitetee. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo makochi yalikaa na nailoni yake mpaka sponji likaisha. Rimoti ya baba ilizeeka ndani ya mfuko. Jirani yetu alinunua pikipiki, na taa yake ina nailoni hadi leo. Kutoa nailoni kwenye kitu kipya, kwetu, ni kukitia umaskini. Niliiona ile karatasi wakati wa kufunga, naapa niliiona, na mkono wangu wenyewe uliikwepa kwa heshima.

Basi nikaibandua. Lakini kuibandua kulimaanisha kupaka pesti upya, kwa maana kati ya prosesa na shaba lazima kuwe na utando wa pesti unaoziba vijitundu vya hewa. Hewa ni mlango uliofungwa. Shaba hupitisha joto mara zaidi ya elfu kumi kuliko hewa, na nyuso mbili za chuma zikionekana zimegusana, kumbe zimegusana kwenye vilima tu, mabondeni kumejaa hewa. Pesti yangu ya bure iliyokuja na hitsinki ilikuwa imebaki kwenye nailoni. Ilikuwa Jumapili. Nikafanya alichofanya kila fundi wa dharura kabla yangu: nikachukua dawa ya meno.

Msicheke. Inafanya kazi. Kwa saa tatu nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kajiungeni. Chumba kilinukia mnanaa, kompyuta ilikuwa inatoa pumzi ya mtu aliyetoka kupiga mswaki, na joto lilisimama kwenye 84. Kisha maji yaliyomo kwenye dawa yakakauka, ikabaki chokaa, na saa tano usiku tulirudi kwenye 100 na giza.

Kesho yake nilipokuwa nakwangua ukoko ule mlangoni, mjukuu wa jirani yetu alikuja kusimama juu yangu. Yuko kidato cha tatu na ana maoni. Aliona bomba la sindano la pesti halisi niliyoagiza kwa elfu saba, akaminya tone, akalisugua kwa vidole. "Anko, hii si kaolini tu? Mbona kilimani pale ipo mlima mzima?" Kwa macho alikuwa sahihi: nyeupe, laini, inateleza vilevile. Nilikaa nikafikiria biashara kwa muda ambao sitaki kuutaja. Bahati nzuri nilikumbuka kwamba udongo wa jamii hiyo ndio unaotengeneza matofali ya tanuru, yale yanayowekwa makusudi ili moto usipite, na kaolini imo ndani ya vile vikombe vyeupe vya kauri vinavyoshika nyaya juu ya nguzo za umeme. Ningeipaka, prosesa ingekuwa imevaa koti.

Pesti halisi ilisaidia. Nilipaka tone kama punje ya choroko, nikafunga, nikapika harusi ya kwanza hadi mwisho. Lakini mashine ilikuwa inapiga kelele ya bodaboda iliyobeba mshikaki kwenye kilima cha Pugu, na joto liliganda kwenye 100 kama limeandikwa. Prosesa za namna hii hazifi kirahisi: zikifika hapo hujipunguzia mwendo zenyewe zisiungue. Yaani nilinunua ng'ombe, akaingia bandani, akawa anatembea kama kuku.

Nilichukua pasi ya nyumbani nikaipima kwa rula. Pasi ya wati 1,000 ina sahani kama ya sentimita mraba 200. Prosesa yangu, ikifanya kazi kwa nguvu zote, ilikuwa inakula wati 150, lakini kipande chenyewe cha silikoni kilicho ndani hakifiki sentimita mraba mbili. Kwa kila sentimita mraba, moto wake ni kama mara kumi na tano ya pasi inayounguza shati. Na umeme ule wote unatoka ukiwa joto. Kompyuta haiinui mzigo, haisagi mahindi, haisukumi maji. Inajumlisha na kutoa, na kila wati inayoingia inatafuta mlango. Nilikuwa na mlango wa sentimita nne na nusu.

Babu yake yule kijana ni dereva mstaafu wa malori. Aliendesha mizigo mpaka Tunduma miaka mingi, na akikaa barazani husikiliza injini zinazopita kama daktari. Feni yangu aliisikia kupitia ukuta wa tofali za nchi sita.

"Inachemsha hiyo," aliniambia.

"Inachemsha, mzee."

"Rejeta ndogo, injini kubwa. Nilikuwa nayo moja hivyo. Kitonga tulikuwa tunapanda na madumu sita ya maji." Akafikiri. "Umetoa thamostati?"

Nikamwambia haina thamostati. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa gari bila usukani. "Basi fungua boneti."

Nilifungua boneti. Nililivua kasha kifuniko, nikasimamisha feni ya meza ikipuliza moja kwa moja kwenye madabodi, na mzee alikuja na kiti chake kuangalia namba zikishuka: 96, 91, 86. Alipiga paja. Kwa wiki moja tulikuwa mashujaa. Lakini Februari haina mvua, na malori ya ng'ombe yanapita. Feni ya meza haichagui, inavuta kilichopo. Siku ya nane nilikuta mabati ya hitsinki yamevaa manyoya ya kahawia, vumbi lililochanganyika na nyuzi za kanga na unga wa ngano, na juu ya ramu, amejinyoosha kama yuko hotelini, mjusi. Tulitazamana. Kulikuwa na joto, kulikuwa na wadudu wanaofuata taa, na kodi halipi. Nilimwelewa. Nilirudisha kifuniko.

Sasa nifike kwenye barafu, na naomba mke wangu asisome sehemu hii ingawa anaijua.

Siku ya mechi ya watani wa jadi nilikuwa na harusi ya kukabidhi asubuhi yake. Nyumba nzima, vyumba sita, ilikuwa imejazana kwa mama mwenye nyumba kwenye televisheni. Mimi nilibaki na kazi, mashine ikiwa kwenye 100 na dakika zilizobaki zikiongezeka badala ya kupungua. Nikamtuma mtoto barafu la shilingi mia tano, kipande kigumu kama tofali, nikalitia kwenye mfuko, mfuko nikaufunga kwa kitambaa, nikauweka juu ya kifuniko. Joto likashuka papo hapo. Nilijisifu kwa sauti.

Nilisahau niko wapi. Hewa ya Dar es Salaam wakati wa kaskazi ina maji mengi kiasi kwamba kitu chochote chenye ubaridi kinatoka jasho. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji tu, inalowesha kitambaa cha meza. Mfuko wangu haukuvuja hata tone. Jasho lake la nje ndilo lililotiririka, likapita kwenye matundu ya kifuniko, polepole, likaenda kutua kwenye pawasaplai. Nilisikia "tak." Kisha nikasikia swichi kuu ya nyumba ikishuka, "tak" ya pili. Kisha nikasikia ukimya, na baada ya ukimya, sauti za watu wazima kumi na watano waliokuwa wanaangalia penalti ikiwekwa.

Niliokoa kila kitu isipokuwa pawasaplai na jina langu. Hakuna aliyeniona, lakini ni mimi pekee niliyetoka nje bila kuuliza kimetokea nini.

Ndiyo maana, siku chache baadaye, mama mwenye nyumba aliingia bila hodi.

LUKU yetu ni ya nyumba nzima. Kila chumba kinachanga sawa, na katika mikataba ya namna hiyo kosa kubwa kuliko kuchelewesha kodi ni kumiliki jiko la umeme kwa siri. Mama alikuwa ameona uniti zinakwenda mbio. Alikuwa ameshika ukuta wa chumba chetu kwa nje akaukuta na uvuguvugu. Alikuwa amesikia ngurumo. Na zaidi ya yote, mchana ule alimuuliza mke wangu habari za kazi yangu, na mke wangu, bila nia mbaya, alimjibu: "Tunamshukuru Mungu mama, siku hizi anapika usiku na mchana."

Alitazama chini ya kitanda. Alifunua pazia la nguo. Alinusa beseni la unga. Mwishowe mkono wake ulitua juu ya kasha langu, na akauondoa haraka, akaupuliza.

"Hili hapa."

"Mama, hiyo ni kompyuta."

"Kompyuta." Alilizunguka kwa macho. Ni kweli halifanani na kompyuta. Ni jeusi, dogo, lina matundu juu, na hewa ya moto inatoka. "Inapika nini?"

Ungejibuje? "Harusi," nikasema.

Nilitamani kumwambia kwamba woga wake una historia. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Hazina mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni kutoka nje. Televisheni Bara tuliisubiri hadi 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Mama mwenye nyumba ana umri wa kuikumbuka amri ile, na kwa sura aliyokuwa nayo usiku huo alikuwa anafikiria kuirudisha, kuanzia chumba changu.

Badala yake nilichukua karatasi. Mashine nzima pamoja na skrini, nikamwonyesha, inakula kama wati 200. Saa tano ndiyo uniti moja. Nikiishia hapo ningekuwa salama. Lakini nilikuwa nimenogewa na hesabu, nikaongeza kwamba pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo inaimaliza uniti hiyo ndani ya saa moja, na kwamba kuna watu humu ndani wanapiga pasi mashati matano kila Jumapili. Kijana wa chumba cha pili, mwenye mashati, alikuwa amesimama mlangoni. Hajanisalimia tangu siku ile. Mama alikata shauri: mimi naongeza elfu tatu kwa mwezi, kijana elfu mbili, na "hilo dude" likisikika baada ya saa sita usiku atalihamishia uani kwa kuku.

Masika yakaingia, hewa ikapoa, nikadhani Mungu ameamua kesi. Lakini ikaanza ajabu nyingine. Nilikuwa naacha mashine ikipika wakati nimelala, na asubuhi naangalia mchoro wa joto kwenye programu. Kila usiku, kama saa nne na nusu, mstari ulipanda ghafla, ukakaa huko juu, kisha saa kumi alfajiri ukashuka. Kila usiku, bila kukosa. Nilishuku umeme kuwa mwingi usiku watu wakilala. Nilishuku popo wa mapangoni. Mzee dereva alishuku mafuta machafu, kwa mazoea tu.

Mwezi wa sita alikuja mpwa wangu anayesoma chuo. Alisalimia, akala maandazi manne, akakaa mbele ya mashine, akaingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla ya kompyuta kuamka, ambao mimi nilikuwa naupita haraka kama mtu anayepita karibu na mbwa.

"Mjomba, umeona hapa? Kikomo cha umeme wa prosesa kimewekwa wati 4,095."

Nikakaa chini. Majiko manne ya umeme. Akanifafanulia kwamba hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye nafasi ile, namna ya baadhi ya madabodi kusema chukua utakacho. Zile wati 95 zilizoandikwa kwenye karatasi ya prosesa, ambazo nilizisoma dukani nikaona ni kama taa moja ya zamani, ni za mwendo wake wa kawaida, si za mbio. Ng'ombe nilimwingiza bandani mwenyewe, na nikamwachia na gunia la pumba.

Mpwa alifuta 4,095 akaandika 65, kama basi la mkoani linalofungwa kidhibiti mwendo. Tukapika harusi ileile niliyoipika wiki iliyopita. Zamani ilichukua dakika 34, feni ikilia. Sasa ilichukua 38, joto likiwa 71, na nilisikia saa ya ukutani ikitembea. Sikujua kwamba ina mlio. Miezi minne, pawasaplai moja, dawa ya meno, barafu, uadui na kijana wa mashati, kwa ajili ya dakika nne. Nilimpa mpwa nauli na maandazi ya kubeba.

Usiku ule nililala kama mtoto. Saa kumi alfajiri niliamshwa.

"Baba watoto. Umeifanya nini siipiyu?"

Nilimwambia nimeitengeneza. Imepona.

"Imepona!" Aliwasha taa. Alikuwa ameshika beseni, na ndani yake unga umelala vilevile alivyouacha jana, bapa, baridi, kama tope. Kusi ilikuwa inavuma nje, baridi ya Pugu ya mwezi wa sita imeingia chini ya mlango. "Haujaumuka hata kidole. Leo nauza nini?"

Ndipo ukweli ukatoka. Tangu masika, kila nikishalala, mke wangu alikuwa anaweka beseni juu ya kasha langu, barabara juu ya matundu yote, analifunika kwa kitenge, na kuliondoa saa kumi alfajiri aanze kukaanga. Maandazi yake yalikuwa yamekuwa gumzo la kituo. Wateja walikuwa wanauliza anatumia hamira gani.

Mpwa alinionyesha jinsi ya kubadili ile namba. Kwa hiyo siku hizi mchana ni 65, na saa nne usiku naipandisha kidogo. Kazi zikiwepo napika kazi. Zisipokuwepo natafuta ya zamani. Jana nilipika harusi ya mwaka juzi, ya watu ambao nasikia wameshaachana. Hiyo sasa imepikwa mara nane. Mke wangu alifunua kitenge, akauchoma unga kwa kidole kimoja, akaangalia kama shimo linarudi.

"Bado," akasema. "Weka na sendofu."